Lodu Miguu na Baskeli ya Kukunja

Pale Koboko, mahali barabara ya Lurujo inapoachana na ile kubwa ya kwenda Arua, kuna benchi la ubao uliotoka ubavuni mwa lori la jeshi. Lori lenyewe lilishakufa zamani, vyuma vikauzwa, ubao ukabaki, na mpaka leo mvua ikinyesha rangi yake ya kijani inapaka suruali za watu. Mbele ya benchi Ruqaiya anapika kahawa ya tangawizi, na kila anayekaa hapo siku zote ana jina la pili. Yasiri ni Afande, ingawa askari alikuwa baba yake. Yeye mwenyewe hajashika hata kirungu. Sule ni Redio, kwa sababu habari zote humfikia kwanza, za kweli na zile nyingine. Marino ni Mwisho, kwa vile anatengeneza masanduku ya maiti. Na Lodu, mshona viatu aliyekimbia vita kutoka Yei, ni Miguu, maana popote anapokwenda anatembea. Asubuhi hiyo Lodu alikuja amebeba gunia. Alilishusha chini taratibu kama anayeshusha mgonjwa.

— Miguu, iko nini ndani? Redio akauliza. Cherehani?

— Hapana cherehani.

— Jenereta?

— Baskeli, Lodu akasema, na sauti yake ikarudi ndani ya shati.

Wakacheka. Lodu akafungua gunia, akatoa kile kitu, akakinyoosha katikati kama mtu anavyonyoosha mkono wenye maumivu, akafunga komeo lake, akainua usukani. Kweli ikawa baskeli. Magurudumu yake yalikuwa madogo kama sinia ya chai, kiti chake kirefu kama shingo ya bata.

Kicheko kikakatika.

— Mama yangu! Ruqaiya akasema. Hii kitu imezaliwa lini?

— Nimetoa Arua, kwa Obitre, ule nauza mitumba karibu na soko. Inakunjika. Ndani ya taksi nilibeba kwa magoti, watu hawakujua.

— Hii ni ya mtoto, Afande akasema.

— Ya mutu mzima. Ni ya mama.

Hapo hakuna aliyeuliza mama gani. Benchi lote lilijua habari ya mama yake Lodu. Mzee yule anakaa Lurujo, kwenye shamba aliloazimwa na watu wema, na wiki iliyopita alianguka mlangoni asubuhi. Lodu alipigiwa simu, akatembea, akatembea, akamkuta jua liko utosini, mama bado yuko chini, midomo imekauka, majirani wanaogopa hata kumgusa. Boda zinaishia mtoni tu, kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji na sasa watu wanavuka juu ya magogo mawili. Kutoka mtoni mpaka kwa mama ndiyo safari kubwa, na hiyo ni ya miguu. Baskeli ya kawaida, ile nzito, huwezi kuipitisha kwenye magogo bila kwenda nayo majini. Lakini hii ya kukunja mtu anaweza kuibeba mgongoni, akavuka, akaifungua ng'ambo, akaendelea.

Hesabu hiyo Lodu aliipiga vizuri. Jambo moja tu hakulisema pale benchi: hajui kupanda.

Na hakulisema kwa sababu lingevuta lingine. Zamani huko Yei baba yake alikuwa na baskeli ya kazi, haiguswi. Kaka yake Soka aliigusa. Aliteremka nayo mlima wa sokoni, akataka kusimama namna watu wanavyosimamisha baskeli, kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la nyuma. Ndala ikateleza. Chini ya mlima kulikuwa na lori. Baada ya mazishi mama aliibeba ile baskeli kichwani, peke yake, akaenda kuitupa mtoni, akarudi akawaambia watoto waliobaki: Nani anataka mimi nife, apande hiyo kitu.

Lodu alikuwa mtoto. Alisikia. Mpaka leo, mvi zimejaa, bado anasikia.

Siku hizi chache alikuwa anaisukuma hii ya kukunja nyuma ya kanisa, kiti kimeshushwa, miguu yote miwili inakokota chini, anaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

— Mimi naijua hii, Afande akasema, akainuka na kuizunguka. Hii ni ya jeshi. Ya askari ya kuruka na mwavuli. Baba yangu alisema. Anafunga hapa mgongoni, anaruka na ndege, akifika chini anapanda.

— Baba yako aliruka na ndege? Ruqaiya akamuuliza. Si alikuwa mpishi?

— Mpishi nae analetwa na ndege, mama! Askari watakula nini?

Redio akainama, akapapasa maandishi kwenye bomba la chuma.

— Miguu, wewe siku hizi nasoma na wale watu wazima kanisani. Iko nasema nini hapa?

Lodu akapiga magoti. Akaweka kidole chini ya herufi, akazichukua moja moja, kwa sababu sasa anazijua zote, kubwa na ndogo. Zilitii. Lakini zilipokaa pamoja hazikutoa neno lolote alilowahi kulisikia.

— Nimesoma, akasema. Lakini haina maana.

— Jina ya jenerali, Afande akasema. Nilijua tu.

— Sikia, Redio akaingilia. Kule Inde kulikuwa na mutu moja, mwaka jana, alileta kama hii. Wallahi nasema ile niliambiwa. Akapanda vizuri, anasalimia watu, mkono juu. Akafika kwa shimo. Baskeli ikajikunja. Yeye ndani.

— Ndani ya nini?

— Ndani ya baskeli! Katikati! Watu walibeba yote pamoja, yeye na baskeli, mpaka hospitali, ndiyo wakafungua.

— Alikufa? Lodu akauliza.

Redio akanywa kahawa kwanza.

— Hiyo sijaambiwa.

Marino Mwisho alikuwa anamwangalia Lodu kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, polepole, kisha kuanzia vidoleni kurudi juu. Lodu aliyaona yale macho, akayajua.

— Marino, hapana nipime.

— Sikupimi, ndugu yangu. Nafikiria tu. Mutu amekunjika namna hiyo, sanduku yake natengeneza namna gani? Ya mraba? Mbao ya mraba naharibika sana.

— Marino! Ruqaiya akampiga na kitambaa cha sufuria. Ogopa Mungu! Jana umetoa sanduku ya ule wa boda, leo nataka ingine?

Stendi ya boda iliyo upande wa pili wa barabara ilikuwa tupu. Dereva mmoja wa hapo aligongwa barabarani, na leo pikipiki zote zimeondoka alfajiri kumsindikiza kwao kumzika, taa zimewashwa, majani ya miti yamefungwa mbele. Hakuna iliyobaki. Ile nafasi tupu ilimtazama Lodu.

— Dawa yake iko rahisi, Afande akasema. Peleka kwa fundi wa kuchomelea. Achome hapa kwa bawaba, achome sana, isikunjike tena maisha yote.

— Hiyo ni akili! Redio akasema.

— Fundi iko hapo tu, nyuma ya kinu cha kusaga. Niite?

Lodu alikaribia kusema ita. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Aliiona ile bawaba ikiwa imezibwa na chuma, ngumu, haina hila, na moyo wake ukatulia. Halafu akayaona magogo mawili na maji ya kahawia yanapita chini yake.

— Ikichomwa, mtoni nitavuka nayo namna gani?

Afande akakaa.

— Basi funga na mpira, akasema.

Mpira ulikuwepo, ule wa tyubu iliyokatwa vipande, unaofunga kila kitu hapa kwetu, kuanzia kuni mpaka mlango wa gari. Wakaifunga bawaba. Redio akavuta, Afande akavuta zaidi, fundo juu ya fundo, mpaka ikavimba kama goti la mgonjwa. Afande akainua na kiti juu, akisema mtu mzima hapandi amejikunyata kama chura. Lodu alipokaa kujaribu, ncha za vidole vyake zilifika chini kwa shida.

— Bado kitu moja, Redio akasema. Kuja hapa wote. Angalia hizi mikono mbili za kukamata kwa usukani. Ya kushoto haina waya, imekatika. Ya kulia iko na waya. Sasa fuata waya.

Wakaufuata kwa vidole. Waya ulishuka kutoka kwenye usukani, ukapita mbele, ukafika karibu kabisa na bawaba, na hapo ukaingia kwenye tundu ndani ya bomba.

— Inatoka wapi? Redio akauliza.

Wakainama, wakachungulia. Chini ya baskeli kulikuwa na grisi nyeusi na vumbi la Arua. Hawakuona unapotoka.

— Basi ni hiyo, Afande akasema, na safari hii hakucheka. Ni waya ya kukunja. Askari ameshuka, adui nakuja, hana nafasi ya kufungua komeo. Anakamata hii mara moja, pap! Baskeli inajikunja, anaingia nayo ndani ya majani.

— Ule mutu wa Inde alikamata hiyo, Redio akasema. Sasa naelewa.

— Si ni breki? Ruqaiya akasema.

— Breki ya nini? Breki ya baskeli ni ndala yako. Umeona wapi baskeli hapa Koboko nasimama na waya? Obitre alisema nini, Miguu?

Lodu akajaribu kukumbuka. Obitre alikuwa ameshika kile kile kimkono cha kulia, akawa anamweleza kitu, na lori likapita likipiga honi ndefu. Honi ilipokwisha, Obitre naye alikuwa amekwisha kusema. Lodu aliona aibu kumwambia aseme tena.

— Alisema kitu, akajibu. Sikusikia.

— Basi hapana gusa, Afande akasema. Vidole vyako viweke mbali na hapo. Hapana gusa kabisa!

Simu ya Lodu ikalia.

Alikuwa Agnes Keji, jirani wa mama. Huyu mwanamke huongea kwa simu kama yuko juu ya mlima, kwa hiyo benchi lote lilisikia.

— Lodu! Mama ameanguka tena! Iko hapa nimemkalisha, lakini mguu haikubali. Anauliza wewe. Anauliza Lodu iko wapi, Lodu iko wapi. Kuja! Kuja sasa!

Lodu akarudisha simu mfukoni, ikakosa mfuko, ikaanguka. Ruqaiya akaiokota, akampa. Wote wakaangalia stendi ya boda, kama vile kuiangalia kungeleta pikipiki. Akapita mbuzi.

— Panda, Miguu, Redio akasema. Si umenunua kwa siku kama hii? Panda uende.

Lodu alisimama pale, mikono juu ya usukani, vidole vya mkono wa kulia vimeinuliwa juu kama vya mtu aliyeungua.

— Mimi sijui kupanda, akasema.

Yeye mwenyewe alishangaa kwamba limetoka. Alingoja kicheko. Hakikuja.

— Hata kidogo? Marino akauliza.

— Kidogo. Nyuma ya kanisa. Miguu chini.

Afande akavua kofia yake, akamkabidhi Ruqaiya.

— Kamata kiti upande huo, Redio. Marino, wewe kamata keria. Miguu, kaa. Angalia mbele, hapana angalia gurudumu. Ukiangalia gurudumu nakupeleka kwa shimo.

Wakamsukuma kwenda, wakamrudisha. Wakamsukuma tena. Lodu aliyumba kama mlevi, akakanyaga hewa, akakanyaga pedali, akamwegemea Redio mpaka wakaanguka wote wawili juu ya Marino. Walipoinuka, wakaanza tena. Afande alikuwa anahema, anatoa amri za baba yake, kushoto kulia, kushoto kulia, na safari ya mwisho baskeli ilinyooka kidogo, ikapita benchi, ikapita kinu, wao wakikimbia pembeni. Lodu alisikia mikono yao nyuma ya kiti, akasikia kitu kama mwili wake unakubali.

Wakamrudisha kwenye benchi. Kwenye ncha ya ubao alikuwa amekaa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa na kapu la kuku, anangoja taksi ya Arua. Wakati wa ile kelele yote alikunywa kahawa yake kimya. Jina lake Prossy, ndivyo alivyomwambia Ruqaiya.

— Samahani, mzee, akamwambia Afande. Mtu huyu anakwenda mtoni?

— Anakwenda mtoni, anavuka, anafika kwa mama yake.

— Ile barabara si nateremka mpaka kwa maji?

— Nateremka. Ndiyo vizuri, hatachoka.

— Basi atasimama na nini?

Afande akaangalia ndala ya Lodu. Kisha akaangalia gurudumu la nyuma. Lilikuwa dogo, liko mbali huko chini, limefunikwa na bati lake. Lodu akajaribu kurudisha mguu nyuma. Ndala haikufika.

Benchi lile, ambalo halijawahi kukosa jibu la vita, la mbolea, la kwa nini ndizi za Arua zina mbegu, likamnyooshea Ruqaiya vikombe.

— Kahawa imekwisha, Ruqaiya akasema, akainamisha birika. Likatoa machicha tu.

Lodu alipanda. Kama angengoja kidogo zaidi asingepanda tena. Aliliingiza gunia kifuani mwa shati na kuweka mguu juu ya pedali.

— Mmeshika?

— Tumeshika!

Wakasukuma. Kinu kikapita. Nyumba ya mwisho ikapita.

— Mmeshika?

— Tumeshika, Miguu! Enda tu!

Sauti ilitoka mbali sana. Lodu alielewa, lakini alikuwa ameambiwa aangalie mbele, akaangalia mbele. Upepo ukaingia masikioni. Mbuzi wakamkimbia. Alikanyaga akitaja jina la mama, na kila mara alipotaja la mama, la Soka lilikuja nyuma yake.

Halafu barabara ikaanza kuinama.

Mwanzoni kidogo, kama mtu anayesalimia. Pedali zikawa nyepesi, zikakimbia zenyewe. Chini huko akayaona maji, akayaona na magogo, meupe, membamba kama vidole. Alirudisha ndala nyuma akitafuta tairi, ikagonga bati. Akarudisha tena. Ndala ikachomoka mguuni, akaisikia inabaki barabarani. Sasa hakuona tena mto. Aliona mlima wa sokoni Yei.

Kilichobaki kilikuwa kile kimkono cha kulia.

Alikiangalia. Akayakumbuka maneno ya Afande na ya mtu wa Inde aliyefunguliwa hospitali. Akaona atakufa akiwa amekunjwa mbele ya maji, na Marino atapata shida ya mbao. Vidole vyake vilikuwa bado juu, vimekakamaa. Akavishusha kimoja kimoja. Akakamata.

Baskeli ililia kama nguruwe. Nyuma ikateleza upande, vumbi likapanda, kokoto zikaruka majini. Kisha kila kitu kikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limegusa gogo la kwanza. Bawaba ilikuwa imenyooka ndani ya mipira yake. Kilichokunjika pale mtoni yalikuwa magoti ya Lodu tu.

Alikaa chini kwenye matope kwa muda, mkono bado umekamata. Aliuachia kwa kuutoa na mkono mwingine. Ilibidi afungue mafundo ya Afande kwa meno. Na alipoikunja baskeli na kuiinua, aliuona waya: unatokea chini ya bomba, umejaa grisi, unakwenda moja kwa moja kwenye breki ya nyuma. Hakucheka. Alirudi juu kuitafuta ndala yake, akaivaa, akavuka.

Ng'ambo ilikuwa tambarare, na pale alipoogopa sana alishuka akasukuma. Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipofika. Nyuma ya choo cha Agnes Keji aliikunja baskeli, akaiingiza kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia. Aliingia nalo ndani ya nyumba, akaliegemeza ukutani kati ya gunia la muhogo na la mahindi. Likafanana nayo.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, kifundo kimevimba. Alimshika Lodu mkono kwa nguvu, kama bado ana uwezo wa kumtandika.

— Umefika, akasema. Haraka namna hii?

— Nimefika, mama. Hapa inauma?

— Boda iko?

— Leo hakuna boda. Kuna mazishi.

Agnes Keji alileta maji ya moto na chumvi. Lodu akapiga magoti, akaanza kukanda kile kifundo taratibu. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Lodu aliona anaangalia suruali yake, mguu wa kulia, upande wa ndani. Palikuwa na mstari mweusi wa mafuta ya mnyororo. Mama aliosha suruali zenye mstari ule miaka mingi, za mume wake, na moja ya Soka.

Lodu akaacha kukanda. Maji yakaanza kupoa kwenye beseni.

Mama akaangalia magunia ukutani, la kwanza, la pili, la tatu. Akaangalia mlango ulio wazi. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo.

— Na kusimama, inasimama?

— Inasimama, mama, Lodu akasema.